4WD ya Hilux ikigoma: jeki kwanza, spea ya mtumba baadaye

Mvua za Dodoma zikianza mwezi Desemba, gereji za hapa huanza kupokea ugonjwa uleule: pikapu ya zamani, mara nyingi Hilux, iliyomaliza kiangazi chote ikisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Inapoingia kwenye tope la Bahi au mchanga wa korongo huko Mpwapwa, dereva anavuta gia ndogo (ile ya pili, pembeni ya gia kubwa), taa ya 4WD (magurudumu yote manne) inawaka, magurudumu ya nyuma yanachimba na ya mbele yametulia tuli. Fundi wa kwanza anasema transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa. Mwenye gari anakwenda Dar, anazunguka Gerezani, anarudi na transfa, inafungwa, na gari liko vilevile.

Pesa nyingi za wakulima na wachuuzi wa mazao wa huku zinapotea kwa namna hiyo, na inaniuma. Sina ubishi na spea ya mtumba. Chuma halisi cha Toyota kilichotolewa kwenye gari lililopata ajali mara nyingi kitakuzikia kile kipya cha bei chee. Ila spea haitibu ugonjwa ambao hujaujua, na kuujua hakuhitaji mashine: jeki, stendi, mawe manne na mtu wa kukusaidia vinatosha.

Nitazungumzia zaidi Hilux ya modeli LN106, ile ya injini ya dizeli iitwayo 3L, ya lita 2.8, yenye ekseli nzima mbele na springi bapa. Penye tofauti na zile zilizofuata, LN166 na LN167, ambazo magurudumu ya mbele yanajitegemea, nitasema.

Nguvu inapita wapi

Kutoka giaboksi nguvu inaingia kwenye transfa. Ukivuta gia ndogo kwenda H4 (magurudumu manne, mwendo wa kawaida), transfa inaunganisha propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti ndefu za chini ya gari, ziwe kama kitu kimoja. Basi, kazi ya gia ndogo imeishia hapo. Propela ya mbele inazungusha difu ya mbele (mtambo wa gia ulio kwenye ekseli), difu inazungusha shafti mbili, kila shafti inapita kwenye jointi iliyo ndani ya nako (kiungo kinachogeuka na usukani), na mwisho wa shafti ndipo ilipo habu yenye kitasa cha kuzungusha kwa mkono, FREE na LOCK. Habu ikiwa FREE, shafti inazunguka bure ndani na gurudumu halipati kitu. Taa ya dashibodi inatoka kwenye swichi ya transfa, kwa hiyo kwenye LN106 taa kuwaka maana yake ni transfa tu imeingia. Haikuambii lolote kuhusu difu, shafti wala habu.

Kingine cha kukumbuka: mtambo huu hauna difu ya katikati. Mbele na nyuma lazima vizunguke mwendo mmoja. Uwiano wa difu ukitofautiana, au matairi yakitofautiana mzingo, vyuma vinajisokota hadi kitu kivunjike. Ndiyo sababu pia 4WD haitumiki kwenye lami kavu. Kwenye mchanga tairi inateleza kidogo na msokoto unaachia. Kwenye lami hauna pa kutokea.

Kipimo cha jeki

Simamisha gari mahali tambarare, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Gia kubwa iwe nyutro, gia ndogo H2 (magurudumu ya nyuma tu). Nyanyua gurudumu moja tu la mbele na uweke stendi, usitegemee jeki peke yake.

Habu ikiwa FREE, zungusha gurudumu kwa mkono. Litazunguka lenyewe, na propela ya mbele haitatikisika. Sasa weka habu zote mbili LOCK uzungushe tena. Propela ya mbele lazima izunguke. Gurudumu likizunguka na propela imelala, fungua kifuniko cha habu utazame ncha ya shafti: kama shafti nayo imelala, ugonjwa uko kwenye habu, kama shafti inazunguka lakini propela haiendi, habu ya upande wa pili haishiki, au kimevunjika kitu katikati, yaani jointi, shafti ya ndani au difu. Mlio wa "tak, tak" wakati wa kuzungusha ni wa jointi.

Kisha mwambie msaidizi avute H4 huku wewe unalichezesha gurudumu mbele na nyuma, maana meno ya ndani yasipolingana gia haiingii gari likiwa limesimama. Ikiingia, gurudumu litagoma baada ya kucheza kidogo, kwa kuwa sasa propela ya mbele imefungwa na ya nyuma ambayo imeshikwa na breki. Likiendelea kuzunguka pamoja na propela, hapo ndipo una haki ya kuituhumu transfa. Rudia upande wa pili. Habu moja ikiwa mbovu inatosha kuua 4WD yote ya mbele, kwa sababu difu hupeleka nguvu kwenye upande usio na mzigo.

Habu

Hapa ndipo magari mengi ya Dodoma hukutwa na tatizo. Vumbi jekundu likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa gumu, na kipete cha meno kinachotakiwa kusogea ndani ya habu kinakwama. Kitasa kinageuka hadi LOCK lakini ndani hakuna kilichosogea.

Kifuniko kina bolti sita za spana namba 10. Kikitoka utaona ncha ya shafti na snepringi yake, itoe. Mwili wa habu umefungwa kwa nati sita za spana namba 12, na chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyopasuliwa upande mmoja, ndiyo inayobana mwili wa habu na studi. Wengi huharibu hapa kwa kuchokonoa na bisibisi. Legeza nati, iache ikae sawa na ncha ya studi ili kulinda meno yake, halafu gonga kwa nyundo ya shaba kwenye uso wa habu karibu na studi. Koni inaruka yenyewe. Ikigoma, weka oili ya kupenyeza, ngoja, gonga tena.

Osha kila kitu kwa dizeli, futa, kausha kabisa. Kipete kisogee kwa kidole bila kukwaruza. Paka grisi nyembamba tu. Wanaojaza habu grisi hadi pomoni ndio wanaoifanya igome tena msimu unaofuata. Wakati wa kurudisha, kitasa kiwe FREE na vile vidole vya kifuniko vikae kwenye sehemu za mwili zisizo na meno. Ukifunga kikiwa LOCK, bolti zinapovuta kifuniko vidole vinapinda au kuvunjika, na hapo habu inakuwa chakavu kweli. Nati za mwili wa habu ni kama Nm 31 (kipimo cha nguvu ya kukaza), bolti za kifuniko ni Nm 10 tu. Bolti hizo ndogo zinakatika kirahisi.

Ukinunua habu ya mtumba, chukua jozi kutoka gari moja, igeuze FREE na LOCK mbele ya muuzaji huku ukizungusha kipande cha ndani kwa kidole. Hesabu meno ya ndani ulinganishe na shafti yako kabla ya kulipa. Na daima omba koni na nati zake. Koni zilizopotea zinasumbua kuzipata kuliko habu yenyewe.

LN166, LN167 na Surf zenye kiunganishi cha vakyumu

Baadhi ya hizi, pamoja na Hilux Surf, hazina kitasa kwenye habu. Badala yake kuna kifaa kwenye difu ya mbele kinachosukumwa na vakyumu (mvuto wa hewa) kuunganisha shafti ya upande mmoja. Taa ya 4WD ikipepesa bila kutulia, kifaa hicho hakijaingia. Kina mipira miwili ya kupitishia vakyumu, mmoja wa kuunganisha na mwingine wa kuachia, na vali mbili za umeme zinazoamua upi upate vakyumu. Mipira hii hukauka kwa jua na kupasuka kwenye mikunjo, ndiyo sababu ya kwanza. Washa injini, chomoa mpira, ziba kwa kidole. Usiposikia mvuto, rudi nyuma hadi kwenye pampu ya vakyumu, ambayo mara nyingi iko nyuma ya alteneta. Pampu hiyohiyo ndiyo inayohudumia buusta ya breki, hivyo mpira uliopasuka unaweza kuifanya pedali ya breki kuwa ngumu. Usilipuuze hilo.

Ili kupima kifaa chenyewe, chukua vakyumu moja kwa moja kutoka kwenye pampu uipeleke kwenye mdomo wa kuunganisha, huku gurudumu moja likiwa juu na likichezeshwa. Utasikia kinagonga. Ukikuta oili ya difu ndani ya mpira, ngozi ya ndani imepasuka, tafuta kifaa kingine cha mtumba na ukipime kwa njia hiyohiyo kabla hakijafungwa.

Nako, jointi na lile tundu dogo la kupumua

Nako ya LN106 inayotoa uji mweusi kwenye tufe lake inakuambia kwamba sili ya ndani ya shafti imeachia, oili ya difu imeingia kwenye grisi ya jointi. Kabla ya kununua sili, tafuta tundu la kupumulia la ekseli ya mbele, lile lenye kikofia juu ya mhimili. Likiziba kwa tope, hewa ya ndani ikipata moto haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Na ukiingia kwenye maji difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla, inavuta, na maji yanapenya kwenye sili hizohizo. Sili mpya kwenye ekseli iliyoziba haitamaliza msimu. Kwa gari linalopita mabonde ya Bahi au Manyoni, vuta mpira kutoka kwenye tundu hilo hadi juu kwenye chumba cha injini.

Kuifungua nako: toa gurudumu, ning'iniza kalipa kwa waya (isining'inie kwenye mpira wa breki), toa habu, nyoosha washa ya kufungia, kisha nati mbili za soketi ya mm 54. Tafadhali tafuta soketi hiyo. Patasi na nyundo huacha vipande vya chuma ndani ya beringi. Ikitoka spindo, vuta shafti pamoja na jointi yake. Shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za beringi za juu na chini za nako ziwekwe mbali mbali na kuandikwa, kulia juu, kulia chini, kushoto juu, kushoto chini. Ukizichanganya usukani utakuwa mgumu au gari litatikisa mikono.

Jointi iliyoanza kulia ikikata kona ndani ya 4WD imechakaa kwenye mabonde ya gololi sita. Kabla hujanunua, kuna jambo la kufanya: jointi za nje za kulia na kushoto hubadilishana nafasi. Uchakavu unakaa zaidi upande unaosukuma gari mbele, hivyo ukizihamisha unapata upande ambao haujaliwa. Shafti za ndani hazibadilishani, urefu wake ni tofauti. Ili kutenganisha, shika shafti jointi ikiwa chini, gonga kipande cha ndani kwa shaba. Kipete kidogo cha waya kitajikunja na jointi itachomoka. Kipete hicho weka kipya. Ukiona ufa kwenye kikombe cha jointi, hata mwembamba kama unywele, tupa.

Ukinunua nako ya mtumba, pitisha ukucha kwenye tufe. Kutu iliyochimba vishimo itatafuna sili kila mwezi. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa laini. Jaza grisi ya molibdeni ndani ya nako kama robo tatu, sio yote.

Kwenye kurudisha beringi za gurudumu, kaza nati ya ndani hadi kama Nm 60 huku ukizungusha habu ili beringi zikae, legeza, kisha kaza tena taratibu. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama au samaki, kwenye studi ya gurudumu na uvute. Habu ianze kusogea mizani ikisoma kati ya kilo 2.8 na 5.6. Halafu washa ya kufungia, nati ya nje kwa Nm 47, na ukunje washa pande zote mbili, moja kwenye nati ya ndani na nyingine kwenye ya nje.

Difu lazima zifanane

Makosa ya gharama kubwa kuliko yote ni kufunga difu ya mbele ya uwiano tofauti na ya nyuma. Kwa macho zinafanana kabisa. Zilizozoeleka ni 4.1, yenye krauni (gia kubwa ya difu) ya meno 41 na pinioni (gia inayoizungusha) ya 10, 4.3, meno 43 kwa 10, na 4.556, meno 41 kwa 9. Kibati cha gari kina msimbo wa ekseli, lakini gari lililopita mikono mingi huenda limeshabadilishwa difu, hivyo pima.

Kwenye gari lako nyanyua gurudumu moja la nyuma, lingine likae chini na mawe, gia nyutro, breki ya mkono chini. Chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi mara 20 kamili uhesabu propela. Ikizunguka mara 41 ni 4.1, mara 43 ni 4.3, mara 45 na nusu hivi ni 4.556. Mara 20 za tairi ni mara 10 za krauni, kwa sababu upande wa pili umeshikwa. Difu ya dukani hesabu meno moja kwa moja.

Nunua difu nzima, na krauni yake, pinioni yake na beringi zake kama zilivyokaa kiwandani. Krauni na pinioni zilizonunuliwa kando zinahitaji kuwekewa nafasi ya mm 0.13 hadi 0.18 kati ya meno, na hiyo inapimwa kwa saa maalumu. Gereji isiyo na saa hiyo itakufungia difu inayolia kama ving'ora. Kabla ya kulipa, shika flanji ya pinioni uitikise juu na chini: isicheze hata chembe. Kuzunguka kidogo kabla ya kushika ni sawa. Meno yenye rangi ya bluu yameungua. Oili iliyobaki ikiwa kama maziwa, maji yaliingia, na beringi zina kutu hata kama huioni. Kwa kuwa difu ya mbele ya LN106 haitoki mpaka shafti zote mbili zivutwe, panga sili za nako na za ndani zibadilishwe siku hiyohiyo.

Na kama kweli ni transfa

Gia ndogo inayoruka kutoka H4 si lazima iwe na meno mabovu. Tazama kwanza kama raba ya gia imekakamaa, au mauntingi ya giaboksi, raba inayoishikilia, imelegea kiasi kwamba gia inagonga bodi. Kisha gololi na springi za kushikilia gia. Dalili nyingine ya kuchunguza: oili ya giaboksi inapungua na ya transfa inazidi. Hiyo ni sili ya katikati, wala transfa haijafa.

Kama ni kununua, hesabu meno ya mdomo wa kuingilia, pale nguvu ya giaboksi inapoingia. Zipo za 21 na za 23, na haziingiliani. Transfa ya gia za LN106 ijaribu ikiwa juu ya meza: H2 inazunguka nyuma tu, H4 mbele na nyuma, N (nyutro) hakuna, L4 (magurudumu manne, mwendo wa taratibu) zote mbili kwa kuzungusha mdomo wa kuingilia mara mbili na robo hivi kupata mzunguko mmoja, kwa kuwa uwiano wake ni 2.28. Sehemu yoyote inayokwama au kukwaruza, iache hapo hapo dukani. Omba risiti yenye jina la duka.

Kuishusha ni kazi ya watu wawili. Mwaga oili, weka alama kwenye flanji za propela kabla ya kufungua, egemeza giaboksi kwa jeki na ubao. Bolti zinazoishika kwenye giaboksi zina urefu tofauti, zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Sili tatu, ya kuingilia, ya mbele na ya nyuma, weka mpya hata kama za mtumba zinaonekana nzima. Ikiwa chini ni dakika chache, ikiwa juu ni siku nzima. Propela ikivutwa ikaachana katikati, irudishwe masikio ya krosi yakiwa yamekaa kama yalivyokuwa mwanzo, la sivyo gari litatetemeka.

Kumalizia

Pima mzingo wa matairi manne kwa futi ya fundi cherehani. Ukikuta tofauti ya sentimita mbili kati ya mbele na nyuma, usiingize 4WD mpaka ulinganishe. Jaza difu na transfa hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa tambarare. Kwa kila difu andaa lita mbili na nusu za SAE 90 GL-5.

Majaribio yafanyike kwenye mchanga, sio barabarani. Pitia H4, kisha simama kabisa uingize L4. Gia ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, msokoto utaachia. Baada ya kilomita kumi shika habu zote mbili kwa mkono: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, beringi zake zimekazwa mno, fungua upime upya kwa mizani. Difu ya mtumba mwage oili yake ya kwanza baada ya wiki mbili za kazi na ufute sumaku ya kizibo. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, ishushe difu hiyo kabla haijala nyumba yake.